Motokaa Ichemkapo Njiani

Leo nataka kusema nanyi habari za motokaa ichemkapo njiani, kama katika kupanda mlima wa Kitonga. Ukiona mshale wa joto umepanda sana, simama kando ya njia, uzime injini. Usiguse kifuniko cha rejeta! Maji yaliyofungiwa humo huweza kupita joto la digrii 100 pasipo kuchemka. Ukifungua, yatafoka mara moja na kukuunguza uso. Ngoja mpaka rejeta ipoe kabisa. Ndipo ufungue polepole kwa kitambaa, uongeze maji kidogo kidogo, maana maji baridi huweza kupasua chuma chenye moto. Kisha tazama mipira ya maji na mkanda wa feni. Kukawia si hasara; jicho halinunuliwi dukani.