Chachu ya Nyumbani na Mahindi Yenye Ukungu

(Mazungumzo kwa vyama vya msingi vya wilaya za Mbulu na Hanang)



Ni nadra katika wilaya hizi kuikuta nyumba isiyo na chungu au kibuyu chenye kitu kinachochachuka. Kwa Wairaqw wa Daudi na Dongobesh ni pombe ya nafaka, waiitayo buura, pamoja na togwa na maziwa ya mgando. Kwa Wabarbaig wa Balangdalalu na Basotu ni maziwa ya kibuyu na, siku ya heshima, kinywaji cha asali ambacho wazee ndio wasimamizi wake. Kazi hii ni ya kale kuliko ushirika wenyewe, na bibi aliyeifanya miaka hamsini hahitaji kufundishwa. Maelezo haya yawahusu vijana waanzao kushika nyumba, na pia makarani wa maghala, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Kinachochachusha ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula sukari iliyomo katika chakula. Aina moja hutoa asidi, ndiyo ukali wa mgando na togwa. Aina nyingine, yaani hamira, hutoa kileo na ile hewa inayofanya povu. Asidi ni mlinzi mzuri, kwa kuwa vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kustawi ndani yake. Uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa togwa walipungukiwa na vijidudu hivyo kuliko wenzao waliolishwa uji usiochachuka.

Anayeanza na aanze na togwa. Ulezi hulowekwa usiku kucha, hutandazwa kivulini chini ya gunia safi lenye unyevu kwa siku mbili au tatu hata uchipue, kisha hukaushwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Uji wa mahindi hupikwa mzito na kuiva barabara. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hutia kimea uji ungali unatokota, nguvu ya kimea ikafa, na uji ukabaki mzito vile vile. Sharti upozwe mpaka kidole kiweze kuvumilia. Kikombe kimoja au viwili vya kimea chatosha sufuria ya lita tano, na mpishi atauona uji ukilegea mbele ya macho yake. Akiongeza kata moja ya togwa ya jana, kazi itakwenda upesi zaidi. Katika joto la Yaeda Chini togwa huwa tayari kesho yake; Mbulu mjini na miteremkoni mwa Hanang, katika baridi ya Juni na Julai, yaweza kuchukua siku mbili, na chungu hukaa karibu na mafiga.

Maziwa hayana mambo mengi, ila jambo moja ambalo wazee wengi hawalipendi: yachemshwe kwanza. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza watu kwa maziwa mabichi, na homa yake humrudia mtu miezi mingi. Kuganda peke yake si kinga ya kutegemea. Yakishachemka yapoe yawe vuguvugu, yatiwe vijiko viwili vya mgando mzuri wa jana, ndipo yamiminwe katika kibuyu kilichooshwa na kufukizwa moshi. Ladha ya moshi haipotei kwa kuchemsha maziwa. Hiyo yatoka katika kibuyu.

Kuhusu pombe ya kuuza, kila mmoja ajue kwamba Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 yataka leseni, na kwamba gongo ni jambo jingine kabisa, lililokatazwa.

Sasa ndugu makarani. Katika maghala mengi husikika neno moja mizani inapolikataa gunia: "Haya ni mahindi ya pombe." Karani asemaye hivyo hudhani anamsaidia mwanachama asipoteze jasho la mwaka mzima. Gunia lenye ukungu huuzwa kwa bei ya chini kwa mama mpika pombe, naye huona amepata nafuu. Neno hilo limekwisha kuua watu.

Mwezi Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya nafaka msibani. Walikufa watu 75, naye aliyeipika akiwa miongoni mwao. Kwanza ulivuma uvumi kwamba pombe ilitiwa nyongo ya mamba, na laiti jambo hilo lingeishia hapo mtu fulani angesingiziwa uchawi. Wachunguzi wa maabara walikuta sumu itolewayo na kijidudu kilichokua katika unga wa mahindi ulioharibika kwa maji ya mafuriko. Ulionekana haufai kuliwa, lakini ukatiwa chunguni.

Mwaka uliofuata, 2016, msiba ulikuwa hapa nchini, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu walikula mahindi yenye sumukuvu, maini yao yakaharibika, na wapatao 20 wakafariki. Sumukuvu hutolewa na ukungu uotao juu ya mahindi na karanga. Moto wa jikoni hauimalizi, wala uchachu hautegemewi kuiondoa. Pombe hupikwa, huchachushwa, huchujwa, na sumu ingali imo. Kimea nacho kisisahauliwe: chipukizi zikiota ukungu, zitupwe zote.

Ukungu huanza shambani na huongezeka pale mahindi yanapoanikwa juu ya udongo mtupu au kufungwa magunia kabla hayajakauka. Kipimo cha nyumbani kipo. Chupa kavu yenye kifuniko hutiwa vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, kisha mahindi mpaka theluthi yake, ikatikiswa kwa dakika chache na kuachwa itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayajakauka na yarudi turubaini. Kuchambua punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, ingawa haiwezi kusemwa kwamba huimaliza.

Kamati za vyama na ziandike katika daftari la ghala kila gunia lililokataliwa na lilikokwenda. Yafaa mwanachama aoneshwe namna ya kuchambua palepale, arudishiwe punje nzuri, na zile mbaya zizikwe au zichomwe mbele yake. Wako watakaouliza kama haziwezi kupewa mifugo. Ng'ombe anayelishwa mahindi ya ukungu hutoa sehemu ya sumu hiyo katika maziwa, na maziwa hayo ndiyo yatiwayo kibuyuni.