Mfuu, Mfudu, Mfuru: Jina la Mti wa Porini na Kiswahili cha Bara

Miongoni mwa miti ya porini yenye matunda yaliwayo, mmoja ambao jina lake linastahili kuchunguzwa na mwanaisimu ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Vitex doniana. Jani lake limegawanyika mfano wa vidole vya mkono. Tunda lake huwa kijani likiwa changa, na likiiva huwa jeusi. Nyama yake ni tamu, ingawa ni haba kuizunguka kokwa ngumu. Mswahili wa pwani huuita mti huo mfuu na tunda lake fuu. Mmijikenda husema mfudu. Bara husikika mfulu au mfuru.

Tofauti hizo si za ovyo. Katika historia yake Kiswahili kilidondosha sauti ya /l/ mahali pengi ambapo lugha nyingine za Kibantu zimeihifadhi. Msukuma husema nzala pale Mswahili asemapo njaa, na mbula pale asemapo mvua. Kwa kipimo hicho, fuu ni fulu lililopoteza konsonanti yake ya kati. Kwa hiyo atamkaye mfulu hakiharibu Kiswahili; ametunza umbo kongwe zaidi. Lakini mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipokiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, umbo la pwani lilipewa hadhi ambayo la bara halikuipata.

Jambo hili lina uzito wa pekee huko Mwamkulu, kata ya Mpanda katika mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Katika mkoa huo Kiswahili ndicho lugha wanayokutania Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa na Wasukuma waliohamia. Mwamkulu hulimwa mpunga kwa maji ya mto Katuma. Mfuru nao hustawi mbugani na kandokando ya mito, yaani katika ardhi ileile itafutwayo na mkulima wa mpunga. Na mti unapokatwa, jina hukosa cha kuonyeshea. Mtoto ambaye wazazi wake walitoka kando ya Ziwa Victoria akisikia furu, huenda akafikiria samaki wadogo wa ziwani waitwao vivyo hivyo, wala hatakuwa amekosea.

Sarufi yenyewe hutenganisha maneno hayo mawili. Samaki ni furu wengi. Matunda ni mafuru mengi, na mti ni mfuru. Kamusi inayomtaka mtumiaji atoke mfuru aende mfuu, bila kueleza kwamba la kwanza lina maskani yake, humwacha msemaji wa Katavi akidhani ametamka kosa. Mfuru ustahili kidahizo chake wenyewe, ukitajiwa mahali utumikapo. Na kazi ya kuukusanya ifanyike sasa, wakati mzee angali anaweza kuuelekezea kidole mti uliosimama.