Masikio ya Watoto wa Chekechea


Sisi walimu wa chekechea tunaomba watoto wapimwe masikio kabla ya kuingia darasa la kwanza. Mtoto akiitwa kwa nyuma asijibu, husemwa ni mkaidi, huchapwa, kumbe hasikii. Surua na homa ya uti wa mgongo huweza kuharibu usikivu. Usaha ukitoka sikioni siku 14 au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu: mpelekeni kituo cha afya, msitie mafuta wala majani. (Na vijiti pia, jamani!) Darasani tunaweza kunong'ona nyuma ya mtoto tuone kama atageuka, lakini huko ni kukisia. Mashine hupima kwa dakika chache, wala haiumi. Tunaomba ije kila mwaka, na siku hiyo mtoto yeyote asifichwe nyumbani.