Kamba Hukatikia Pabovu: Kufunga Wenyewe Chuma cha Kuvutia Treila

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Bura)



Sisi watu wa Bura, upande huu na ule wa mto Tana, shida ya maji tunaijua. Wazee wa mradi wanakumbuka miaka ya 1990, pampu za Nanigi ziliposimama na mifereji ikakauka. Kwa hivyo kikundi kikipata pikapu, jambo la kwanza linalofikiriwa ni treila ya kubebea maji. Ni wazo zuri, na chuma cha kuvutia treila tunaweza kukifunga wenyewe nyumbani. Lakini treila ikichomoka barabarani haichagui wa kugonga. Njiani kuna watoto wa shule, kina mama na mitungi yao, na mifugo. Basi twende polepole.

Kwanza, tupige hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mitungi 50 ya lita 20 ni kilo 1,000, yaani tani nzima, na treila yenyewe bado hatujaipima! Pikapu nyingi haziruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 kama treila haina breki zake. Tuangalie kitabu cha gari letu. Treila tupu ikiwa kilo 250, zinabaki kilo 500, ambazo ni mitungi 25 tu. Heri kwenda mara mbili.

Pili, mahali pa kufunga. Chuma hiki kisifungwe kwenye bampa hata siku moja. Bampa ni bati, matuta yataling'oa. Tukifunge kwenye chasisi, pande zote mbili. Kama kuna matundu yaliyotobolewa kiwandani, tutumie hayo. Ikibidi kutoboa, tuangalie kwanza tangi la mafuta, paipu za breki na nyaya ziko wapi. Tununue bolti zenye namba 8.8 kichwani, kwa sababu bolti laini hukatika. Kila nati iwe na washa ya springi. Baada ya safari ya kwanza tukaze tena, kwa maana chuma kipya hujikalia na nati hulegea.

Tatu, kichwa cha duara na kikombe cha treila. Vichwa hivi vina saizi mbalimbali. Cha milimita 47.6 na cha milimita 50 vinafanana kwa macho, lakini kidogo kikiingia kwenye kikombe kikubwa, treila itaruka kwenye shimo la kwanza. Tusome namba zilizogongwa kwenye vyote viwili. Tukishafunga, tuweke jeki chini ya mkono wa treila tuuinue kidogo. Nyuma ya gari ikiinuka pamoja nao, kikombe kimeshika. Kikichomoka, tushukuru Mungu kwamba kimechomokea nyumbani.

Nne, minyororo miwili. Ifungwe kwenye chuma kilichoshikana na chasisi, ipishane chini ya mkono wa treila. Iwe mirefu ya kutosha kukata kona, lakini isiburute chini. Kikombe kikichomoka, minyororo ndiyo itaushika mkono usichimbe barabara.

Tano, kupakia. Mizigo mizito ikae mbele kidogo ya ekseli, ili kama sehemu moja katika kumi ya uzito ilalie gari. Uzito ukikaa nyuma, treila hupiga mkia na kuliyumbisha gari lote. Maji kwenye tangi lililojaa nusu huenda huku na huku. Mitungi iliyojaa na kufungwa vizuri ni salama zaidi. Na mtu asipande juu ya treila, hata kama ni karibu.

Mwisho, treila iandikishwe ipate namba yake inayoanza na herufi Z, na taa za nyuma na za kukatia kona ziwake pamoja na za gari. Tuulizie pia kama bima ya gari inahesabu treila.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kila kikundi kichague watu wawili, mmoja afunge na mwingine akague, kila safari, kabla injini haijawashwa. Hao wawili wasipokubaliana, gari lisiondoke.

Mungu abariki kazi ya mikono yetu.