Swali Lisiloruhusiwa Kwenye Usaili

Msikilizaji, ukikaa na mabinti wa Kitanzania wenye shahada ya uzamili ambao bado hawana kazi, utasikia mengi: matangazo yanayodai uzoefu wa miaka mitano, maombi yasiyojibiwa, nauli ya kwenda kwenye usaili iliyokopwa kwa ndugu. Leo nazungumzia jambo moja tu, kwa kuwa kulirekebisha hakuhitaji bajeti wala mfadhili. Nalo ni maswali wanayoulizwa ndani ya usaili.

Binti ameketi mbele ya wasaili, vyeti vyake viko mezani. Ameulizwa kuhusu kazi, amejibu vizuri. Kisha mmoja anafunga faili na kumuuliza: "Umeolewa? Unatarajia kuzaa lini?" Hapo hakuna jibu litakalomwokoa. Akisema ameolewa, wanaona likizo ya uzazi imekaribia. Akisema hajaolewa, wanasema ataolewa tu. Kijana wa kiume aliyesoma naye darasa moja haulizwi hayo.

Aliyesoma zaidi ndiye anayeumia zaidi. Wengi walirudi chuoni baada ya kukosa kazi kwa shahada ya kwanza. Wanamaliza uzamili wakikaribia miaka 30, umri uleule ambao waajiri wanauogopa. Wengine huambiwa elimu yao imezidi nafasi iliyopo. Na deni la Bodi ya Mikopo bado liko palepale.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na kinamlinda hata mwombaji kazi. Likizo ya uzazi inayoogopwa ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mtu atakayekutumikia miaka 30, unamkataa kwa sababu ya siku 84?

Ugumu uko kwenye ushahidi. Swali linaulizwa kwa mdomo, mlango umefungwa, na barua ya kukataliwa haitaji sababu. Kwa hiyo maofisa kazi wawatake waajiri waandike maswali ya usaili mapema, wamuulize kila mwombaji yaleyale, na kumbukumbu zitunzwe ili zikaguliwe.

Nawe binti unayenisikiliza, ukiulizwa swali la namna hiyo, andika siku hiyohiyo: limeulizwa na nani, wapi, tarehe gani. Nenda ofisi ya kazi ya mkoa wako au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usichelewe, kwa maana malalamiko yana muda wake kisheria.

Na nyinyi waajiri, mpimeni binti kwa kazi anayoiweza. Mengine ni yake na familia yake.