Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wanafunzi na Miti Yetu



Mwaka huu wanafunzi wa chuo kikuu kimoja walifika kwetu wakapanda miche ukingoni mwa mto, mahali panapomomonyoka. Tuliwapokea kwa furaha. Walipata alama zao wakaenda. Kiangazi kilipoingia miche mingi ilikauka, kwa kuwa hapakuwa na aliyeagizwa kuitilia maji. Nasi twakiri kwamba hatukuuliza.

Tukumbuke mfano wa marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama. Katika kazi hiyo akina mama walilipwa fedha kidogo, si kwa kupanda tu, bali kwa kila mche ulioshika ukaishi.

Kwa hiyo Kamati imekata shauri: chuo kitakacholeta wanafunzi tena, kwanza kikae na wazee tuchague miti ifaayo, kisha wanafunzi warudi baada ya kiangazi kuihesabu iliyo hai, na alama zao zifuate hesabu hiyo. Nasi tutashika zamu ya maji. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe.