Mlangoni mwa Ndege: Kutoka Salama kwa Mrukaji wa Parachuti

Mada kwa semina ya vijana wa Mji wa Kale, Kuze, Mombasa



Sisi tumekulia kujitosa. Mtoto wa hapa huruka baharini kabla hajajua kuandika jina lake, na kanuni aijuayo ni moja: jirushe juu kwa nguvu, usije ukaangukia mawe. Naona baadhi yenu mna hamu ya Diani, wanakoruka watu kwa parachuti na kutua ufukweni. Basi kanuni hiyo iacheni huko nje pamoja na viatu. Mlangoni mwa ndege hakuna mawe, kuna mkia. Kwenye Cessna 208 Caravan, itumikayo sana kwa kazi hii, mlango uko ubavuni kwa nyuma, na anayejirusha juu ndiye mkia unayemjia. Mrukaji hujiachia, kifua akikielekeza mbele ya ndege, maana sekunde za kwanza upepo hautoki chini. Unatoka huko ndege inakoelekea.

Lakini hatari kubwa huanza mtu hajajiachia bado. Tarehe 20 Septemba 2025, huko Tully, Queensland, Australia, mrukaji alikuwa akitoka kwenye Caravan, juu futi 15,000. Kishikio cha parachuti yake ya akiba kilinasa kwenye bawa, upande wa nyuma. Parachuti ikafumka, ikamvuta nyuma, miguu ikagonga mkia, naye akabaki ananing'inia chini yake, ndege inaruka. Kilichomwokoa ni kisu kidogo cha ndoana: alikata kamba 11, akaanguka, akafungua parachuti kuu na kutua na majeraha madogo. Rubani naye akatua salama, mabaki ya kitambaa yakiwa yangali mkiani. Kisu kile hakikuwa cha lazima kisheria. Mimi ningekifanya cha lazima.

Ndiyo maana mrukaji akisogea mlangoni hulinda vishikio vyake kama mama anavyolinda mkufu sokoni Marikiti. Hajiburuzi ukutani, hapitii juu ya magoti ya wenzake. Na watu wasirundikane mlangoni: uzito ukihamia nyuma, ndege huinua pua, ikapoteza mwendo, rubani akashindwa kuidhibiti.

Sasa pwani yetu. Wakati wa kusi upepo hutoka baharini, kwa hiyo mtu hutolewa juu ya maji ili apeperushwe kuelekea nchi kavu. Mgeni akichungulia akaona bahari tupu, husita. Kusita kuna bei: ndege ikienda kasi ya noti 85, hupita zaidi ya mita 40 kila sekunde. Ukisita sekunde 5, wa nyuma yako anatoka mita 200 mbele ya pale alipopangiwa. Lakini pia usimfuate mwenzako mguu kwa mguu. Lazima pawe na nafasi, msije mkafungua parachuti mahali pamoja. Upepo wa juu ukiwa mkali, nafasi huongezwa.

Tena kuna bamvua. Maji yetu hupanda zaidi ya mita 3, na ufukwe uliouona asubuhi huenda alasiri umebaki ukanda mwembamba wenye watalii na ngamia. Jedwali la maji lisomwe kabla ya injini kuwashwa. Ikibidi kughairi angani, mlango ufungwe kwanza, mikanda irudi viunoni, ndipo ndege ishuke. Wanaocheka aliyerudi na ndege hawajakaa mlangoni.

Maneno yametosha. Nataka wawili waje hapa mbele. Benchi hili ndilo mlango. Wewe wa kofia, mkono wa kulia kifuani upande wa kushoto, pale penye kishikio cha akiba. Usiruke! Jiachie tu.